Siku Gari la Marehemu Lilipomgomea Bibi Harusi

Kabla hujafungua boneti, uliza kama mafuta yapo.

Msicheke. Hicho kicheko chenu cha pembeni nimekisikia kwa mafundi wengi, na wote baadaye niliwaona wamelala chini ya gari, grisi mpaka masikioni, na tanki ni kavu kama kibuyu cha mwaka jana. Uliza. Halafu mwenye gari akikujibu yapo, usimwamini. Geji nayo ikisema yapo, usiiamini, maana geji ya gari la zamani inasema inachojisikia. Fungua tanki mwenyewe, ingiza kijiti cha mtama, kitoe, kiangalie kimelowa wapi. Ndiyo uanze kazi.

Mjukuu wangu amenitegea simu hapa kwenye stuli. Kasema, "Bibi, wewe ongea tu, mimi nitaandika, vijana wa gereji wasome." Haya. Mimi naitwa Nyanjige, ila ukienda Igogo ukauliza Nyanjige watakuonyesha mwingine, anauza sato. Uliza Mama Spana. Shule niliacha pale walipoanza kuchanganya herufi na namba kwenye hesabu. Nikaona hawa watu hawajaamua wanataka nini, nikaenda zangu kuuza uji.

Na uji ndio ulionipeleka gereji. Mzee Masalu alikuwaga na gereji yake Igogo, chini ya yale mawe makubwa, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa na ukikaa hulioni. Mafundi wake walikuwa wanakunywa uji wangu. Siku hiyo nimekaa na ndoo yangu, wao wanahangaika na gari. Linawaka, linalegea, linakohoa, linazima. Wanabadilisha plagi, wanagombana, wanairudisha ile ile plagi. Nikasema tu mwenyewe, kama mtu anayeongea na ndoo, "Si lina njaa hilo."

Mzee Masalu akaweka kikombe chini. "Umejuaje, mayu?"

Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na mimi wakati huo hata mchumba sina.

"Jiko langu la mchina linafanyaga hivyo hivyo mafuta ya taa yakiisha," nikamwambia. "Halizimi pwaa. Linalegea, linatoa macho, linakufa taratibu kama mgonjwa anayeaga ndugu."

Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akawaambia wapige staata. Likatoka tone moja. Likafikiria. Likatoka jingine. Akawageukia mafundi wake, wala hakuwasema, akanigeukia mimi. "Kesho ukija na uji, njoo na gauni la kuchafua."

Hilo la jiko mlishike, ni kubwa. Gari likikosa moto wa plagi, linakata ghafla kama umezima taa. Likikosa mafuta, linakuomba kwanza. Linavuta, linaacha, linavuta, linaacha, unakanyaga na halisikii, ndipo linazima. Ukishajua ni njaa, sasa ulifuate tumbo: tanki, mpira, filta, pampu, kabureta. Ufuate kwa mpangilio. Usiruke ruke kama kuku kwenye mahindi ya kuanika.

Nyie siku hizi mna kile kidude mnachomeka, kinawasomea ugonjwa. Kizuri sana. Ningekuwa nacho ningekwenda nacho hata kwenye kwaya. Lakini gari la kabureta halina hata pa kukichomeka, ni kama kumpa mbuzi simu. Hapo unarudi kwenye masikio, pua na mdomo. Sikiliza pampu. Nusa plagi: ikiwa kavu na haina harufu, mafuta hayafiki. Petroli ukiishuku, iweke kwenye chupa ya kioo, iache itulie, maji yatakaa chini peke yao kama mkwe aliyesusa. Kabureta ikiziba, ipulize kwa mdomo. Usiitie sindano, maana sindano inapanua tundu, na tundu likipanuka gari linakunywa kama mtu kwenye pombe ya msiba.

Ila msivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Siku hizi kuna kipampu cha mkono, tumieni. Mimi niliwahi kuvuta nikameza, Jumamosi. Jumapili nipo kwenye kwaya, nikacheua. Sauti ya pili yote ikasogea kulia, na mwinjilisti akahamisha mshumaa.

Basi, niwape ya harusi ya Kabula, maana humo mna somo zima.

Deus ni kijana wa jirani yangu hapa Igogo. Alikuwa anamwoa Kabula, binti wa Buswelu. Baba yake Deus alikuwa ameshafariki, akawaachia gari rangi ya maziwa, la kabureta, viti vinanesa kama kitanda cha wageni. Enzi zake alilitunza Mzee Masalu, naye alipoondoka nikalitunza mimi. Deus akakataa gari la kukodi. Akasema, "Baba hatakuwepo kanisani. Basi gari lake liwepo, limlete mkwe wake." Mama yake akalia, mimi nikalia, halafu tukaliosha.

Siku moja kabla, Deus alijaza tanki mpaka mdomoni, gari likapelekwa Buswelu, likalala uani kwa kina Kabula. Asubuhi ya harusi baba mdogo wa Deus, Lutema, ndiye dereva. Mimi nikapewa kiti cha mbele. Walisema ni heshima. Nilipokaa, nikakanyaga kitu chini ya kiti: mfuko wa spana. Nimevaa kitenge kipya, kilemba kimesimama kama mnara wa simu, na chini nimekalia kazi.

Nyuma alikaa Kabula na gauni lake, gauni limechukua nafasi ya watu. Pembeni yake Shangazi Milembe. Huyu ndiye dada wa baba yake Kabula, ndiye aliyemlea. Upande wa bibi harusi neno lake ni la mwisho. Akisema twende, mnaenda. Akisema turudi, hata mchungaji anarudi. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma yetu kina mama kwenye lori wanaimba. Kanisa lipo Igogo, Deus anasubiri.

Tukatoka Buswelu vizuri, tumekaribia Nyakato, gari likaanza. Likavuta, likaacha. Likavuta, likaacha. Likalegea pembeni ya barabara, likalala. Matarumbeta hawakujua. Wakaendelea kupiga, wakapotea mbele huko, wanashangilia harusi isiyokuwepo nyuma yao.

"Mama Spana," Lutema akasema, anatazama mbele tu.

"Nimesikia. Mafuta yapo?"

"Deus kajaza mwenyewe jana. Ona geji hii, imelala juu kabisa."

Hapo ndipo nilipovunja sheria yangu. Niliamini. Gari la harusi, bwana harusi kajaza mwenyewe, nianze kuingiza kijiti cha mtama kwenye tanki na kitenge kipya mbele ya wakwe? Niliona aibu. Nikafungua boneti. Nikachomoa mpira unaoingia kwenye pampu. Ukafanya kisauti, fsss, lakini lori la kina mama limeshafika, wanaimba kwa nguvu zote, nikakipuuza. Nikaona ncha ya mpira imechakaa kidogo. Nikasema, ndiye huyu. Nikaikata, nikarudisha, nikakaza, nikapampu kwa kidole kile kimkono cha pampu, mafuta yakaja. Lutema akapiga staata, likawaka kama jipya.

"Mpira tu," nikawatangazia. "Amepona." Vigelegele vikapigwa. Nikarudi kwenye kiti nimejaa.

Sikufaidi sifa. Tulipokaribia Mabatini likarudia. Vuta, acha. Vuta, acha. Kimya.

Matarumbeta tulishawakuta wametungoja njiani, na safari hii walikuwa wanachungulia nyuma, wakasimama. Wapita njia nao wakasimama. Shangazi Milembe akashusha kioo polepole, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kusikilizwa.

"Hili gari ni la marehemu," akasema.

"La marehemu kaka yangu, ndiyo," Lutema akajibu.

"Na limegoma mara mbili."

"Limezima, Shangazi. Kugoma ni wanafunzi."

"Marehemu ana neno. Mtoto wetu anapelekwa nyumbani kwake, na gari lake halitaki. Mnataka aseme kwa lugha gani?"

Kabula akaongea kutoka ndani ya shela. "Shangazi, baba mkwe nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ananicheka, kaniambia nimkaangie sato nisimbane na mchicha."

"Mgonjwa anasema mengi," Shangazi akasema. "Sasa sikilizeni. Likizima tena, tunarudi Buswelu."

Lutema akauliza kwa adabu, "Tunarudi na nini, Shangazi?"

Shangazi akatazama viatu vyake, vipya, vyenye visigino. Akavitazama sana. "Kwa miguu," akasema, lakini bila raha.

Bajaji ikasimama, dereva akachungulia. "Wazazi wangu shikamooni. Nimpakize bibi harusi? Napita kule kule."

Lutema akanitazama, nikaona anataka. Lakini Kabula akanivuta kanga yangu ya begani, akaninong'oneza. Na haya maneno ndiyo yaliyonitoa jasho, siyo jua. "Bibi, nikishuka hapa nimekwisha. Hata nikifika kanisani, hata nikiolewa, mama mkwe ataambiwa mumewe alinikataa barabarani. Nitaishi kwenye nyumba ile mpaka nizeeke, naitwa yule aliyegomewa na gari."

Simu yake ikaita. Ni Deus. Akaipokea na kicheko. "Tupo njiani, mpenzi. Tumepumzika kidogo, Shangazi anapunga upepo."

Nikamwambia wa bajaji aende zake salama. Nikafungua filta, nikaipuliza, nikaipiga piga kwenye kiganja, haina uchafu. Nikafungua kikombe cha kabureta, kikavu. Petroli nikaitazama kwenye chupa ya soda, safi, haina maji. Nikarudisha kila kitu. Lutema akapiga staata, likawaka. Nikasema amepona, lakini safari hii nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Nilivyokaa kiti cha mbele sikufurahi hata kidogo. Vijana, gari likipona na hujui limeponaje, halijapona. Limepumzika. Nikawa nasikiliza injini kama mama mwenye mtoto wa homa.

Tulikuwa tumebakiza kidogo tu tuingie mjini, pale barabara inapopanda kati ya mawe, nikasikia inaanza kuomba. Lutema akapunguza gia, akaongea nalo, "Kaka, tafadhali. Kaka, tafadhali." Kaka hakusikia. Likalala.

Nyuma nikasikia kitasa. Shangazi Milembe amefungua mlango, mguu mmoja upo nje.

"Kabula, mwanangu, shuka."

"Shangazi."

"Shuka. Nilisema."

Kabula hakushuka. Alikaa vile vile, mikono juu ya maua, na shela linacheza cheza usoni. Nikajua analia bila kutoa sauti, anaogopa kuharibu uso uliopakwa tangu alfajiri.

"Shangazi, nipe muda wa kumenya ndizi," nikasema. "Ndizi moja tu. Nikishindwa nitakusindikiza mwenyewe mpaka Buswelu, nimebeba viatu vyako."

Nadhani viatu ndivyo vilivyomshawishi. Akasimama, kashika mlango.

Nikafungua boneti. Matarumbeta walikuwa wamechoka, wamekaa kwenye jiwe wanakunywa maji. Kina mama nao wimbo umewaishia. Palikuwa kimya. Nikachomoa mpira wa pampu, na safari hii nikasikia vizuri. Fsss. Mpira unavuta hewa kwenda ndani. Nikauziba kwa kidole gumba. Ukaning'ang'ania kidole, unanyonya kama ndama.

Nikasimama hivyo, kidole kwenye mpira, kilemba kimeinama, nikacheka peke yangu. Lutema akadhani nimechanganyikiwa.

Maana mpira wa mafuta kazi yake ni kunyonyesha, siyo kunyonya. Na nilimwona Mzee Masalu mbele ya macho yangu, na kopo lake la maziwa. Alikuwaga anaweka maziwa ya kopo kwenye chai. Anatoboa tundu moja kwa msumari, analiinamisha, maziwa yanatoka kidogo, yanakataa. "Umeona? Maziwa yapo, tundu lipo, na hayatoki." Anatoboa tundu la pili upande wa pili, yanashuka kama maji ya mvua. "Kitu hakitoki kama hakuna kinachoingia. Tanki nalo lina pua, mayu. Ukiliziba pua, pampu itavuta, itavuta, mpaka tanki liseme sitoi tena." Na likiwa limejaa mpaka mdomoni linakataa mapema zaidi, kwa sababu hakuna hewa ya akiba ndani. Ukilipumzisha, au ukichomoa mpira, linapata pumzi kidogo, linawaka, unajisifu, mnapigiwa vigelegele.

Gari lile pua yake niliijua. Kifuniko cha tanki cha kwanza kilipotea zamani, Mzee Masalu akachonga kingine cha bati, akakipiga tundu la msumari katikati.

Nikazunguka nyuma ya gari. Nikainama. Kifuniko hakionekani. Kimefunikwa na kitu cheupe, kigumu, kimesiribwa vizuri kuzunguka, kimelainishwa kwa kidole kama ukuta wa nyumba. Nikakikwangua kwa ukucha. Nikanusa. Nikakwangua tena, nikaonja.

Muhogo. Ugali wa muhogo. Mnaujua ulivyo, ule unavutika ukiwa wa moto, na ukilala unageuka jiwe. Nani anaweza kuziba tanki la gari kwa ugali wa muhogo, tena kwa ufundi huo? Nikanyanyua macho. Wote wananitazama, isipokuwa Shangazi Milembe. Yeye anatazama mawe kwa bidii sana, kama anataka kununua moja.

Nikamwita kwa mkono. Akaja polepole.

"Shangazi," nikasema chini chini, "huu ugali ni wa nani?"

"Ugali gani?"

"Huu wa muhogo."

"Mimi nakula dona."

"Shangazi."

Akaninong'oneza kwa hasira, kama mimi ndiye mwenye kosa. "Lilikuwa linavuja. Jana walivyoliegesha pale uani limeinama, petroli inatiririka kwenye katundu. Nimemlea mtoto yule, nimempaka manukato, aende kanisani ananuka petroli kama kibatari? Nikachukua kiporo, nikaziba. Mtu mwenye akili anafanyaje?"

"Umeliziba pua."

"Gari lina pua?"

"Lina pua. Marehemu hajagoma, Shangazi. Hapumui."

Hapo akaelewa. Nikaona uso wake unashuka. Mama mzima, mbele ya wakwe, mbele ya matarumbeta, amesimamisha harusi mara tatu kwa kiporo chake mwenyewe, halafu kamsingizia maiti. Akanishika mkono. "Sasa utanisema?"

Wajukuu zangu, hapa hakuna kidude cha kuchomeka. Nikisema kweli yote kwa sauti, Shangazi anadhalilika, na mtu aliyedhalilika kwenye harusi hasahau, angeinunia ile ndoa mpaka watoto wa watoto. Nikinyamaza na kuzibua kimya kimya, gari likaenda, marehemu anabaki na jina baya, na Kabula ndiye yule aliyegomewa. Na watu wananiangalia, na ndizi yangu imeshamenyeka.

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyesema marehemu ana neno. Basi ongea naye. Wewe ndiye mkubwa hapa. Ukimaliza, shika kifuniko hiki, zungusha, vuta."

Akanitazama. Nikamtazama. Akavuta kitenge chake, akapandisha mabega, akarudi kuwa Shangazi Milembe.

"Nyamazeni wote," akasema, na walikuwa wameshanyamaza. Akaomba maji, akapewa ya matarumbeta. Akatia mdomoni, akayapuliza juu ya gari, phuu, kama wanavyobariki kwao. Akaweka mkono kwenye bati.

"Baba Deus. Mimi ni Milembe wa Buswelu. Kama tulikukosea kwa kuja bila kukuaga, tunakuaga sasa. Huyu ni Kabula. Anajua kukaanga sato. Hatakubana na mchicha. Mpokee."

Akashika kifuniko kwa mikono miwili. Ugali ulikuwa umeshika kweli, akakaza meno, akazungusha, ukapasuka kra.

Na gari likapumua. Lilivuta hewa pumzi ndefu, fsssssssss, mpaka tanki likalia kwa ndani kung, bati limerudi mahali pake. Barabara nzima ilisikia. Mpiga tarumbeta mmoja alivua kofia. Lutema akalikalia jiwe, machozi yanamtoka, anasema, "Kaka, kaka."

Shangazi naye alishtuka, nilimwona. Hakutegemea lingejibu. Lakini hakuonyesha. Akageuka kwa watu, kifuniko mkononi, akasema, "Amekubali."

Vigelegele vya hapo, ziwa lilisikia.

Nikamfuata Kabula dirishani, nikamwomba pini moja ya nywele. Kabureta usiitie sindano, nimewaambia, ila kifuniko cha tanki ruksa. Nikazibua tundu la msumari, nikakwangua ugali wote. Kabula akachukua kipande kimoja kwenye kiganja changu. Akakigeuza. Akakinusa. Akamtazama shangazi yake anavyopokea pongezi, na shela lote likaanza kutikisika. Safari hii hakuwa analia.

"Shangazi," akaita. "Asante kwa maombi yako."

"Ni wajibu wangu, mwanangu. Sogea nikae."

Tukaingia Igogo na matarumbeta mbele, gari halikukohoa hata mara moja. Deus alikuwa amesimama nje ya kanisa, jasho limemlowanisha shati, kwaya imeimba pambio zote wanazozijua wameanza kurudia. Alipoliona gari la baba yake linakata kona na Kabula ndani, alifunika uso kwa mikono. Mama yake akaja mpaka kwenye gari, akapiga piga boneti kama mtu anayempongeza mumewe karudi safari. Hakuna aliyemwambia lolote ila kwamba mzee alipumua akakubali. Sikuongeza neno. Na uongo sikusema, nilichosema ni zungusha, vuta.

Kwa hiyo somo mmelipata. Gari linakwenda kidogo linazima, ukilipumzisha linawaka, mafuta yapo, mpira mzima, filta safi: nenda kwenye kifuniko. Kilegeze, uendeshe hivyo kidogo. Likipona, mwizi ni pua. Na mngeanza na kijiti cha mtama kama nilivyosema mwanzo, kifuniko mngekiona kwenye kituo cha kwanza. Mimi nilimwonea aibu mkwe, nikaona aibu mara tatu.

Nimestaafu sasa, magoti hayataki tena kulala chini ya gari. Lakini Shangazi Milembe hajastaafu. Habari zake zilienea Buswelu yote. Gari la mtu likizima, wanamwita. Anakuja na maji yake, anapuliza phuu, anasema maneno, anazungusha kifuniko. Na magari ya zamani, niwaambieni ukweli, mengine yanawaka. Matundu yanaziba vumbi, nani anayaangalia?

Juzi kanipigia simu, anaongea kwa kujibana. "Mama Spana, nipo na gari huku. Nimeliombea tangu walivyotoka ibadani. Nimefungua kifuniko. Halijapumua."

"Ni la aina gani?"

"La kisasa. Jekundu. Watu wamejaa, wananitazama."

"Shangazi, tafuta kijiti cha mtama. Kiingize kwenye tanki."

Nikasikia anaomba kijiti, kwa sauti kubwa, kama ni sehemu ya maombi. Akarudi kwenye simu, ananong'ona.

"Kikavu."

"Basi waambie halina mafuta."

"Siwezi kuwaambia hivyo, nimekaa nalo asubuhi nzima." Akafikiria. Nikamsikia anaiweka simu pembeni, anakohoa kile kikohozi chake. "Nimeongea nalo," akawaambia. "Limesema linataka sadaka ya lita tano. Ya petroli."

Wakakimbia kuzileta, wakamimina, likawaka. Na mimi fundi, hata ningekuwepo, ningewaambia kitu gani kingine?